Tulimhukumu Dada Yetu kwa Simu

(Mazungumzo ya redioni. Yamechapishwa hapa kwa ajili ya wale walioomba kuyasoma.)

Popote mlipo wakati huu, jikoni mkipika chai, njiani mkielekea kazini, au kitandani kwa ugonjwa, karibuni tukae pamoja kwa dakika chache. Leo twataka kuzungumza juu ya kitu ambacho huenda kiko karibu nawe sasa hivi kuliko hata Biblia yako. Kiko mfukoni, au chini ya mto, au kimefungwa katika pindo la leso. Nacho ni simu ya mkononi.

Tusianze kwa kuilaumu simu. Mtu akisema simu ni kitu cha shetani, huyo amesahau tulikotoka. Wamishenari wa Kimethodisti waliokaa hapa Jomvu katika karne ya 19 walingoja barua za kwao kwa miezi, maana zilikuja kwa njia ya bahari. Hata baadaye sana, wazee wetu walipoletewa simu ya maandishi kutoka posta, wanawake walianza kulia kabla haijafunguliwa, kwa kuwa walijua kwamba simu huleta habari ya msiba. Mtu mwenye mtoto Nairobi aliweza kukaa mwaka mzima asisikie sauti yake.

Kisha mambo yakageuka upesi. Mnamo mwaka 2000 kampuni mbili za simu za mkononi zilianza kushindania wateja hapa Kenya. Machi 2007 ikaja M-Pesa, na mtoto aliye Nairobi akaweza kumpelekea mamake fedha za dawa hapa Jomvu Kuu kabla maji ya ugali hayajachemka. Mwaka 2009 nyaya kubwa za mawasiliano zilifika Mombasa zikipita chini ya bahari, na kwa hizo picha na maneno ya dunia nzima yakatufikia. Sensa ya mwaka 2019 ilituhesabu Wakenya zaidi ya milioni 47. Lakini laini za simu zilizoandikishwa nchini sasa zimepita milioni 70. Laini ni nyingi kuliko watu.

Basi twamshukuru Mungu kwa faida hizo. Lakini kila chombo kina makali yake. Kisu kinachokata mchicha ndicho kinachokata kidole. Leo twataka kueleza upande ule wa simu unaokata, nasi tutaanza na jambo lililotupata sisi wenyewe katika ushirika wetu hapa Jomvu Kuu. Hatulisemi kwa fahari. Twalisema kwa ruhusa ya dada yetu, ambaye ameomba jina lake lisitajwe, ili wengine wasianguke tulipoanguka.

Jambo lililotupata

Mwaka 2022 akina mama wa kanisa letu walikuwa na chama. Kila Jumamosi walichanga, wengine shilingi 50, wengine 100, kwa fedha za kuuza mahamri, samaki na makaa. Walitaka kununua mabati ya chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, ambao walikuwa wakisomea chini ya mwembe. Mweka hazina alikuwa dada mmoja mjane, mtu mnyamavu, anayekaa upande wa chini karibu na mikoko. Kwa kuwa benki ni mbali na nauli ni fedha, michango ilikaa katika simu yake. Ilikuwa imefika shilingi 38,600.

Wengi mwakumbuka kwamba mwaka huo tuliamriwa kuandikisha laini zetu upya. Siku ya mwisho ilikuwa 15 Aprili, halafu ikasogezwa hadi 15 Oktoba. Watu walipanga foleni kwa hofu kwamba laini zitafungwa. Matapeli waliiona hofu ile, wakaitumia kama mvuvi atumiavyo chambo.

Ijumaa moja dada yetu alipigiwa simu. Sauti ilikuwa ya kijana mwenye adabu. Alimwita kwa majina yake matatu. Alisema anatoka katika kampuni ya simu, na kwamba laini yake itafungwa saa kumi jioni ile asipothibitisha habari zake. Alimwuliza namba ya kitambulisho, akampa. Alimwuliza mwaka wa kuzaliwa, akampa. Mwishowe akamwambia, "Mama, sasa bonyeza namba yako ya siri, ukinitajia, ili tuifunge isiingiliwe na wezi." Naye akaitaja.

Baada ya muda mfupi simu yake haikuwa na mtandao. Alidhani ni kawaida. Jumamosi asubuhi bado haikuwa nao. Ndipo moyo wake ulipoanza kumwenda mbio. Alikwenda kwa wakala, na wakala akamwambia, "Mama, laini yako imehamishwa." Fedha zote zilikuwa zimetolewa, na juu yake walikuwa wamekopa kwa jina lake shilingi 1,500.

Sasa sikilizeni upande wetu. Jumamosi ile ilikuwa siku ya kuchanga, naye hakuja. Akina mama wakampigia, wakamkuta mteja. Wakapiga tena jioni, mteja. Jumapili hakuonekana kanisani. Jumapili hiyohiyo mchana mmoja wetu aliandika katika kikundi cha WhatsApp cha kanisa maneno mafupi tu: aliuliza ikiwa mtu anajua mweka hazina yuko wapi na fedha. Hakumshtaki. Aliuliza tu. Lakini mwingine akajibu kwamba amezima simu tangu juzi. Mwingine akaandika kwamba alimwona na kitambaa kipya. Mwingine akaweka kile kikatuni cha uso unaofikiri. Kufika Jumatatu usiku jambo lilikuwa limekwisha: dada yetu ni mwizi, ametoroka, huenda yuko kwao Kaloleni akila mabati ya watoto. Kikundi kile kina watu zaidi ya 100, na wengine ni wa makanisa mengine, kwa hiyo habari ilivuka barabara ikafika Miritini na Mikindani kabla ya Jumanne adhuhuri.

Na sisi wazee wa kanisa tulikuwa wapi? Tulikuwamo katika kikundi. Tulisoma yote. Wawili wetu tulinyamaza, na mmoja aliandika kwamba jambo hili ni la aibu sana kwa kanisa. Kutoka mlango wa kanisa hadi nyumba ya dada yule ni mwendo wa dakika saba kwa miguu. Kwa siku nne hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda.

Aliyekwenda ni bibi mmoja mzee ambaye simu yake ni kabambe ya vitufe, isiyopokea picha wala WhatsApp. Yeye hakuwa amesoma neno lolote. Jambo alilojua ni moja, kwamba Jumapili kiti cha mwenzake kilikuwa kitupu. Jumatano asubuhi alifunga mahamri manne katika gazeti, akashika mkongojo wake, akateremka.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Jumapili sikukuona. Nimekuja kukutazama kama u mzima."

Dada yetu aliketi chini kizingitini akalia. Alikuwa hajala vizuri tangu Jumamosi. Alikuwa amekwenda kupiga ripoti polisi, akarudi, akajifungia. Hakujua kwamba ameitwa mwizi, maana simu yake ilikuwa imekufa. Alijua tu kwamba fedha za wenziwe zimepotea mkononi mwake, naye hakupata uso wa kuwatazama. Alikuwa akisubiri, alituambia baadaye, mmoja wetu aje ili amweleze. Kila siku alisikia hatua njiani akadhani ni sisi.

Ndugu wasikilizaji, tumelirudia neno hilo mara nyingi mioyoni mwetu. Alidhani ni sisi.

Utapeli huu unafanyaje kazi?

Tueleze sasa, kwa kuwa wengi huuliza jinsi mtu mwenye akili zake anavyoweza kutaja namba ya siri. Sababu ya kwanza ni kwamba tapeli alimjua kwa jina. Jina si siri tena. Ukitaka kumtumia mtu pesa, jina lake hutokea kabla hujamaliza. Tena kwa miaka mingi katika daftari la wakala yaliandikwa jina, namba ya simu na namba ya kitambulisho, na daftari lile lililala wazi mezani. Kwa hiyo mtu akikuita kwa jina lako katika simu, hiyo si dalili kwamba anatoka kampuni yoyote.

Sababu ya pili ni haraka. Tapeli hakupi nafasi ya kufikiri. Laini itafungwa saa kumi, mtoto wako amepata ajali, umeshinda zawadi lakini leo ni siku ya mwisho. Ukisikia haraka, tulia. Kata simu, mwulize jirani, au nenda kwa wakala kwa miguu. Jambo la kweli litakungoja.

Sababu ya tatu ni jinsi laini inavyohamishwa. Mtu aliyepoteza simu ana haki ya kupata kadi nyingine yenye namba yake ileile, mradi athibitishe kuwa ni yeye. Tapeli hukusanya habari zako ili ajifanye wewe. Kadi mpya ikianza kufanya kazi, ya kwako hufa. Basi ikitokea simu yako imekosa mtandao ghafula hali ya majirani wanao, usidhani ni mvua. Azima simu, piga kwa kampuni yako saa hiyohiyo, uombe laini ifungwe.

Na iko hila nyingine iliyo nyepesi zaidi. Unaletewa ujumbe kwamba umepokea shilingi 4,500, kisha mtu anapiga akilia, akisema amekosea namba, umrudishie. Ujumbe ule ni wa uongo. Utazame umetoka wapi: ujumbe wa kweli wa M-Pesa huja kwa jina hilo, hauji kwa namba ya kawaida ya mtu. Kisha tazama salio lako. Na hata kama fedha ni za kweli, si lazima uzirudishe kwa mkono wako. Aliyekosea hupeleka ujumbe wake kwa 456, na kampuni yenyewe hushughulika. Ujumbe wa matapeli unaweza kupelekwa kwa 333, kwa wenye laini za Safaricom. Ama namba ya siri, hiyo haiulizwi na kampuni yoyote, wala polisi, wala mchungaji. Anayeiuliza ni mwizi.

Madeni na kamari

Tapeli ni mwizi wa nje. Lakini simu ina mlango mwingine ambao twaufungua wenyewe kwa ndani, nao ni mkopo.

Zamani mtu aliyetaka kukopa ilimbidi aende kwa mtu. Alivaa vizuri, akabisha hodi, akakaa, akaeleza shida yake akiona haya. Haya ile ilikuwa ulinzi. Njiani alijiuliza mara mbili kama kweli anahitaji. Siku hizi mtu hukopa usiku wa manane akiwa amelala chali, hakuna amwonaye. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza Novemba 2012, ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku 30. Asilimia saba na nusu yaonekana ndogo. Hebu tupige hesabu. Ukikopa shilingi 2,000, unalipa 2,150. Mwezi ujao umepungukiwa, unakopa tena, unaongeza 150. Ukifanya hivyo miezi 12, umelipa ada ya shilingi 1,800, karibu sawa na fedha zenyewe, na bado 2,000 hazijawa zako. Januari 2019 ikaja Fuliza, ambayo hukukopesha hapohapo unapolipa, salio likiwa halitoshi. Unalipa nauli au unga, na deni linaingia mara moja. Mara nyingi fedha zinazotumwa kwako asubuhi hukatwa deni kwanza, na mama anayezingojea anashangaa.

Kulikuwa pia na wakopeshaji walioingia katika simu ya mkopaji wakasoma majina ya jamaa zake wote. Akichelewa kulipa, waliwapigia mwajiri, mkwe, hata mchungaji wake, ili aaibike. Kanuni za Benki Kuu ya Kenya za Machi 2022 zimekataza vitisho na aibu za namna hiyo, na zinawataka wakopeshaji wa simu wapewe leseni. Mtu akikufanyia hivyo, ujue kwamba anavunja sheria, nawe una haki ya kushtaki. Lakini ni afadhali zaidi kutoweka shingo yako ndani ya kitanzi.

Kamari ni ndugu ya deni. Vijana wetu wanaopakua makontena na wale wa bodaboda pale barabarani, wengi hubashiri mipira au huangalia ile ndege ndogo ikipanda katika kioo, wakiomba isianguke. Zamani mcheza kamari alitoka nyumbani, na mkewe aliona. Leo anaweza kucheza karo ya mtoto akiwa ameketi mezani na mtoto huyohuyo. Mwisho wa Aprili 2025 serikali ilisimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30, jambo lililoonyesha kwamba hata wakubwa wameona moshi. Lakini tangazo likinyamazishwa, simu bado iko mfukoni. Mke au mzazi, usimwulize kijana kwa kelele. Kaa naye, mfungue hesabu pamoja, mwandike ni kiasi gani kilichoingia mwezi huu na kiasi gani kilichotoka. Wengi hawajawahi kuiona hesabu hiyo ikiwa imeandikwa.

Nyumbani na barabarani

Tutapita kwa ufupi hapa, kwa kuwa kila mtu ajua nyumba yake. Baba anarudi jioni, mtoto anamkimbilia, naye anainua mkono mmoja kwa maana ya "ngoja", na jicho lake halitoki katika kioo. Mtoto akingoja mara nyingi, siku moja ataacha kukimbia. Mama naye akitaka mtoto anyamaze humpa simu, na mtoto hunyamaza kweli, lakini hajui mama hakujua alichokitazama. Nasi tunaokwenda kuwatazama wagonjwa, je, hatujapokea simu tukiwa tumeshika mkono wa mtu anayekufa?

Na pale barabara kuu ya Mombasa na Nairobi, malori yanapita usiku na mchana. Dereva anayeshika simu gari likienda hutozwa faini ya shilingi 2,000 kwa kanuni za mwaka 2016. Lakini faini hairudishi mguu. Nanyi mnaovuka mkiwa na vidude masikioni, honi ya lori haitawafikia. Vitoeni kabla ya kuikanyaga lami. Ni jambo dogo, nalo limewashinda wengi.

Tulichojifunza

Turudi sasa kwa dada yetu, maana ndiye tuliyetaka kuwaeleza habari zake.

Bwana Yesu alituwekea utaratibu. Ndugu yako akikosa, umwendee wewe na yeye peke yenu. Asiposikia, chukua mmoja au wawili. Kanisa zima linakuja mwisho. Sisi tulianzia mwisho. Tulilieleza kanisa zima, tukawaeleza na walio nje, na yule mwenyewe hatukumwendea kabisa. Tena hakuwa amekosa.

Kwa nini ilikuwa rahisi hivyo? Tumefikiri juu ya jambo hili, na jawabu letu ni hili. Simu huturahisishia kumsema mtu, lakini haitupunguzii hata hatua moja ya kumwendea. Njia ya kwenda kwake ni ileile ya zamani, yenye matope wakati wa mvua. Na ukizoea kufika kila mahali kwa kidole, miguu huwa mizito. Tena mtu ukimwambia jambo baya uso kwa uso, unaona macho yake yakijaa machozi, na ulimi wako unapunguza ukali. Katika simu huoni macho. Yakobo katika waraka wake alifananisha ulimi na moto mdogo unaochoma msitu mkubwa. Siku zile moto ule ulitembea kwa mwendo wa mdomo na sikio. Leo twabonyeza mara moja, na watu 100 wanashika moto kwa pamoja.

Na liko jambo jingine. Tulichukua ukimya wa simu tukaufanya ushahidi. Simu yake ilikuwa mteja, kwa hiyo ni mwizi. Kumbe simu ilikuwa mteja kwa sababu ameibiwa. Ile ile dalili tuliyoitumia kumhukumu ndiyo iliyokuwa ikimlilia. Mtu asipopatikana katika simu, huenda hana chaji, au ni mgonjwa, au amefiwa, au yuko shidani. Asipopatikana, ndiyo sababu ya kumtafuta.

Bibi yule alipoturudia na habari, tuliona haya. Mmoja wetu alitaka kuandika msamaha katika kikundi. Bibi akasema, "Mlimtukana kwa vidole. Mwendeeni kwa miguu." Basi tulikwenda, wazee watatu na akina mama sita, jioni ya Jumatano ile. Hatukuwa na maneno mengi. Mmoja wetu, yule aliyeandika kwamba ni aibu kwa kanisa, alisema aibu ilikuwa ni yetu, akaomba radhi mbele ya wote. Jumapili iliyofuata tulisema vivyo hivyo mbele ya ushirika, kisha tukaandika katika kikundi pia, kwa kuwa uongo ulikuwa umepita huko na kweli ilipasa ipite njia ileile. Lakini tunajua kwamba si wote waliosoma la kwanza walisoma na la pili.

Tungependa kuwaambia kwamba yote yalirudi kama zamani. Hayakurudi. Fedha hazikupatikana. Watoto walikaa chini ya mwembe mwaka mmoja zaidi, hata mabati yaliponunuliwa kwa michango mipya. Dada yetu alitusamehe, nasi twaamini alitusamehe kwa kweli, maana alikuja yeye mwenyewe kupika siku ya kuezeka. Lakini tulipomwomba ashike tena hazina, alikataa. Alisema, "Nawapenda, lakini sitaki tena kuwa mtu ambaye simu yake ikizima, jina lake nalo linazimika." Hatukumshurutisha.

Tangu siku zile tumejiwekea mambo machache, nasi twayapeleka kwenu, ikiwa yatawafaa. Fedha za chama hazikai katika simu ya mtu mmoja. Zinakaa katika akaunti inayohitaji watu wawili au watatu kukubali kabla hazijatolewa, na kila mwezi hesabu husomwa kwa sauti. Katika kikundi cha kanisa hatujadili mwenendo wa mtu. Anayeanza kufanya hivyo huombwa na msimamizi aondoe maneno yake, na wazee wawili hutumwa kwa mhusika siku hiyohiyo. Mtu asipoonekana Jumapili, jirani yake wa karibu hupita kwake kabla ya Jumanne, hata kama simu yake inapatikana. Na ibada inapoanza, simu zetu tunazizima. Hatuziweki kwa kutetemeka tu, maana moyo nao hutetemeka nazo.

Ndugu msikilizaji, hatukuambii uitupe simu yako baharini. Utaihitaji kesho mtoto akiugua. Twakuomba jambo moja tu leo. Fikiri juu ya mtu mmoja ambaye umesikia habari zake kwa simu, ukazisadiki, na hujamwona kwa macho tangu hapo. Labda ni ndugu, labda ni jirani, labda mlikuwa mkiketi pamoja kanisani. Mazungumzo haya yakiisha, usimpigie. Vaa viatu. Huenda yuko ndani, amesikia hatua njiani, naye anadhani ni wewe.